Faili zangu zilipopoteza sura

Hajati alifika kabla sijamaliza kufagia. Akasimama nje ya kaunta, akaweka mfuko wake wa mukene, yaani dagaa, juu ya kioo ambacho kila siku nawakataza watu wasikiwekee vitu, akasema, "Mwanangu, ile karatasi yangu ya kiwanja. Nitolee kopi mbili. Yule jirani ameanza tena."

Sikuhitaji kuuliza ni karatasi ipi. Niliiskani mwenyewe mwaka jana: makubaliano ya kununua kiwanja, yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, umegongwa ukapinda hadi ukapanda juu ya majina ya mashahidi, na chini kabisa kuna alama mbili za dole gumba kwa wino wa zambarau, moja ya muuzaji na nyingine ya Hajati. Ningeitambua hata nikiwa na usingizi. Nikafungua folda ya skani, nikaanza kuteremka.

Karatasi nyeupe. Safu juu ya safu ya vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa pembe, vyote pacha, na chini yake Scan_0341, Scan_0342, Scan_0343. Ilikuwa kama kuingia darasani ukakuta watoto wote wamegeukia ukutani.

"Hajati, kompyuta imechelewa kuamka leo," nikamwambia. "Rudi saa kumi."

"Karatasi imepotea?"

"Haijapotea. Imejificha."

"Mh," akasema, akiuchukua mfuko wake. "Marehemu mume wangu naye alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu pesa."

Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya malori. Nachapa, natoa kopi, naskani, najaza fomu za watu. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wadogo wa kuvuka mpaka, wale ambao mzigo wao usiozidi dola 2,000 hupita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa na cheti cha asili ya bidhaa mkononi. Wengine ni madereva waliokwama kwenye foleni na karatasi moja pungufu. Wengine ni wafiwa wanaotaka programu ya mazishi nakala mia moja kabla jua halijazama. Nyumbani tunaongea Kisamia, Kiteso, Luganda, kila mtu na chake, lakini kaunta yangu inaongea Kiswahili. Kompyuta peke yake ndiyo haijasikia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Yenyewe inaongea Kiingereza tu, na ndiyo maana hapa chini nitanukuu maneno yake yalivyo pale inapobidi, ili ukiyakuta kwenye skrini yako uyajue.

Basi asubuhi kuna foleni, skana inajipa jina yenyewe, nami naiacha. Nani ana muda wa kuandika "Makubaliano ya kiwanja, mwezi wa tatu" huku dereva anapiga honi nje? Zimefika faili zaidi ya elfu moja. Nilizijua zote kwa sura. Barua ya LC1 ina kile kichwa kirefu cha herufi kubwa. Wasifu wa yule kijana mlinzi una mstari mwekundu juu, aliusisitiza mwenyewe. Programu za mazishi zina picha ya marehemu katikati ya maua, maua yale yale kila mara, ambayo mwanzoni niliyapenda na sasa nayavumilia tu. Namteremkia mtu orodha kwa sekunde tano, nasimama, nabofya, nachapa.

Picha hiyo ndogo inaitwa kijipicha. Waingereza wanaiita ukucha wa kidole gumba, kwa sababu ya udogo wake, na siku ile nikiitafuta karatasi yenye dole gumba mbili sikuona la kuchekesha ndani yake.

Mshukiwa wangu alikuwa mmoja. Jumamosi iliyotangulia nilimwita fundi kijana aje aiharakishe kompyuta. Ni laptopu ya mtumba niliyoinunua Kampala, ina Windows 11 na RAM ya gigabaiti 4, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho Windows hiyo inakubali, na ilikuwa ikifungua programu kama mzee anayeinuka mkekani. Kijana alikaa nusu saa, akabofya hapa na pale, akafuta vitu alivyosema "vinakaa bure", nikamlipa. Kompyuta ikawa nyepesi kweli, sitamnyima haki yake. Jumatatu ilikuwa sikukuu, sikufungua. Jumanne ndiyo hiyo ya Hajati.

Nilianza vibaya. Ukiwauliza watu vijipicha vimekwenda wapi, tisa kati ya kumi watakwambia futa akiba ya vijipicha. Ushauri si wa uongo. Windows haichori kila kijipicha upya kila unapofungua folda. Huchora mara moja, ikaweka nakala kwenye mafaili yanayoitwa thumbcache_96.db, thumbcache_256.db na ndugu zao, ndani ya folda iliyofichwa ya mtumiaji. Mafaili hayo yakiharibika, kwa mfano umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweza kuona picha tupu au kijipicha cha faili nyingine kabisa. Dawa yake ni kufungua kisafisha diski, kuweka tiki kwenye "Thumbnails" peke yake, kufuta, na kuiacha Windows ijichoree upya. Hati zenyewe haziguswi.

(Enzi za Windows XP akiba hiyo ilikaa ndani ya kila folda kwa jina la Thumbs.db. Wateja walikuwa wakiniletea fleshi wakiwa wamekunja uso: "Kuna virusi humu, vinaitwa thamsi." Tangu Vista mambo yalihamishiwa sehemu moja, na nikapoteza wateja wa virusi hewa.)

Nikafuta akiba. Nikawasha upya. Vikaratasi vyeupe vilevile. Baadaye nilielewa kwa nini: nilikuwa nimetupa michoro ya zamani ili mchoraji achore mipya, wakati mchoraji mwenyewe alishafukuzwa kazi tangu Jumamosi.

Kilichonifungua macho hakikuwa vijipicha. Ilikuwa herufi. Nilikuwa nachapa barua ya mtu, nikasogea karibu na skrini, nikaona herufi zina meno. Herufi "o" haikuwa duara, ilikuwa ngazi. Nikadhani ni macho yangu, nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Meno. Halafu nikagundua dirisha halina tena kile kivuli laini pembeni. Meno, kivuli, vijipicha: vyote vimeondoka siku moja. Vitu vitatu visivyohusiana haviondoki pamoja isipokuwa kuna mtu mmoja aliyevitoa pamoja.

Kuna dirisha moja ndani ya Windows lenye orodha ya madoido: vivuli, madirisha yanayoteleza, herufi laini, na humo humo, bila heshima yoyote, "Show thumbnails instead of icons", yaani onyesha vijipicha badala ya ikoni. Unalifikia ukiandika neno "performance" kwenye sehemu ya kutafutia na kuchagua mstari unaosema "Adjust the appearance and performance of Windows". Juu ya orodha kuna chaguo la "best performance", na ukilibofya linatoa tiki zote kwa mkupuo. Hilo ndilo fundi alilobofya. Kwa mtu anayetaka wepesi ni kitufe kitamu sana.

Nikarudisha tiki mbili tu, ya vijipicha na ya kulainisha herufi. Vivuli na madirisha ya kuteleza niliviacha huko huko. Hapo fundi alikuwa sahihi.

Jambo moja lilinichekesha. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepita kwenye mipangilio ya folda, sehemu ya "View", nikaona tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails", nikaipita nikidhani imekaa hivyo siku zote. Baada ya kurekebisha kule kwenye madoido, nilirudi huku nikakuta tiki imejitoa yenyewe. Ni milango miwili ya chumba kimoja. Ukifunga huku, kule kumefungwa. Ningekuwa na akili ya kuitoa asubuhi, ningelala mchana.

Au ningelala nusu yake. Maana nilipofungua folda, picha za JPG zilirudi zote, pasipoti saizi za watu zikinitazama kwa macho makavu. PDF zikabaki ikoni. Na skani zangu zote ni PDF.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu wameshatibu ugonjwa na mgonjwa bado anakohoa. Ukweli ni kwamba Windows inajua kuchora picha yenyewe, lakini kilichomo ndani ya PDF haikijui. Inategemea programu ya kusoma PDF iliyosajiliwa kwenye kompyuta hiyo iinue mkono na kusema, nipe, nitakuchorea ukurasa wa kwanza. Programu ikiondoka, inaondoka na mkono wake. Na miongoni mwa vitu "vinavyokaa bure" ambavyo kijana alifuta ilikuwamo programu yangu ya PDF, kwa hoja kwamba Edge, brauza inayokuja na Windows, inafungua PDF pia. Inafungua, na vizuri. Lakini kwenye kompyuta yangu haikuchora kijipicha hata kimoja. Iliweka alama yake juu ya kila hati, kama mgambo aliyegonga muhuri mlango wa kila duka.

Dawa ziko kadhaa. Acrobat Reader ina tiki yake ya kuruhusu vijipicha vya PDF, iko kwenye mapendeleo, sehemu ya jumla. PowerToys, furushi la zana za ziada la Microsoft yenyewe, nayo inaweza kuchora. Mimi nilichukua SumatraPDF kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi, na bando langu lilikuwa linaelekea ukingoni. Wakati wa kuiweka, usibofye tu haraka haraka. Fungua chaguo zake kwanza, utaona tiki ya kuiruhusu Windows ionyeshe PDF, iweke. Pia chukua ile ya biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu Explorer, ile programu ya Windows inayoonyesha mafolda, ikiwa ya biti 64 haiwezi kumwajiri mchoraji wa biti 32.

Nilikuwa nasubiri ishuke wakati dereva mmoja wa lori aliponijia na simu. Tajiri wake alikuwa amemtumia orodha ya mzigo kwa WhatsApp. Nikaifungua kwenye brauza, nikaipakua, na kwa haraka nikabonyeza Alt na P ili nichungulie kwenye kile kidirisha cha kulia bila kufungua programu. Badala ya orodha ya mzigo nikapata onyo kwamba faili hii inaweza kudhuru kompyuta yangu.

"Imeharibika?" dereva akauliza.

"Hapana, afande," nikamjibu, kwa sababu madereva wote nawaita afande, wanapenda. "Inashukiwa tu."

Hilo ni jambo jingine kabisa, na watu wanalichanganya na vijipicha. Tangu masasisho ya usalama ya tarehe 14 Oktoba 2025, Explorer haichungulii tena faili zilizotoka kwenye intaneti. Kila unachopakua kwa brauza hubandikwa alama isiyoonekana ya kusema kimetoka nje. Sababu yake ina mantiki. Hati inaweza kufichwa ndani yake kiungo kinachoelekea kwenye seva ya mtu mwingine, na kule kuchungulia tu kukaifanya kompyuta yako iende ikajitambulishe huko kwa alama za siri zinazotokana na nenosiri lako. Kama faili unaijua na aliyeituma unamjua, bofya kulia, ingia kwenye "Properties", weka tiki kwenye "Unblock", basi. Faili moja moja. Kuna watu wanatafuta namna ya kulizima onyo lenyewe moja kwa moja. Mimi ninayepokea faili za watu nisiowajua kutwa nzima sitalizima, na anayenitaka nimzimie la kwake namwambia sijui. Hilo ni moja ya mambo machache ninayosingizia kutoyajua.

SumatraPDF ikaingia. Nikafungua folda, na skani zikaanza kurudi moja moja kutoka juu kwenda chini, taratibu, kwa sababu akiba nilishaifuta asubuhi na kazi yote ilikuwa inaanza upya. Gigabaiti 4 hizo. Niliketi nikazitazama zikifika kama watu wanaoshuka kwenye basi. Zilizobaki bila sura zilikuwa zile taarifa za benki zilizofungwa kwa nenosiri, na hizo ni haki yake: mchoraji hana ufunguo.

Hati za Word nazo zilinitatiza, nusu zina sura na nusu hazina, na hakuna tiki niliyoigusa ikabadilisha chochote. Nilikuja kuelewa jioni ya siku nyingine. Word haisubiri kuchorewa. Sura yake inawekwa ndani ya faili yenyewe wakati wa kuhifadhi. Faili ya docx kwa kweli ni furushi la zip. Nilitengeneza nakala ya hati moja yenye sura, nikabadilisha mwisho wa jina kuwa .zip, nikaifungua, na ndani ya folda ya docProps nikamkuta thumbnail.emf amekaa. Nakala ya hati isiyo na sura haikuwa naye. Kumbe kwenye dirisha la kuhifadhi, lile linalokuja ukibonyeza F12, kuna kisanduku cha "Save Thumbnail" ambacho miaka yote nilikiona kama pambo. Hati zangu zenye sura zilitoka kwa mteja mmoja mwalimu, mtu wa kuweka tiki kila mahali. Wa LibreOffice wao hawana shida hii kwenye faili za ODT: picha ya ukurasa wa kwanza huingizwa humo bila kuombwa.

Saa kumi kasoro Hajati akarudi, safari hii bila mukene.

Sasa, kuna watu watasema: ungezipa faili majina tangu mwanzo, yote haya yasingekupata. Mwalimu yule aliniambia hivyo, na nikakubali kwa kichwa. Lakini Hajati hajui kusoma. Ningeiita karatasi yake kwa jina zuri namna gani, kwake ni mchwa tu wametembea. Nilichofanya ni kugeuza skrini imwelekee, nikaweka vijipicha vikubwa, nikaanza kuteremka polepole, naye akaegemea kaunta akitazama kama mtu anayechagua kitenge.

"Hiyo si yangu. Hiyo si yangu. Simama." Akaweka kidole kwenye skrini, karibu kukigusa. "Hii si ya yule muuza maharage? Kumbe naye ameuza kiwanja?"

Nikaigeuza skrini haraka kuliko fundi alivyobofya "best performance". Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sura zina ubaya wake. Nchi hii ina sheria ya kulinda data za watu tangu mwaka 2019, na mimi nilikuwa nimeanika hati za mji mzima mbele ya mwanamke anayeuza samaki katika masoko mawili. Isitoshe, ile akiba ya thumbcache inaweza kubaki na kijipicha cha hati hata baada ya hati yenyewe kufutwa. Mteja akinisihi "futa kabisa", sasa nafuta faili, halafu nafuta na akiba. Na kila mtu anayerudi rudi nimeanza kumfungulia folda yake, ili nikigeuza skrini aone za kwake tu.

Lakini siku ile nilizichambua mwenyewe kwanza, nikatoa kumi na mbili zilizofanana, za karatasi ya daftari na wino wa zambarau, nikaficha majina kwa kiganja, nikamgeuzia tena.

Hakuchukua sekunde tatu. "Huyo," akasema, kana kwamba ni mtu. "Mwangalie muhuri ulivyopinda. Nilimwambia cheyamani anashika muhuri kama anaua nzi."

Nikachapa kopi mbili. Akazikagua dole gumba kwa dole gumba, akiweka lake kando ya lile la kwenye karatasi, akanilipa sarafu moja moja. Nilipokuwa nakunja risiti nikaona nitubu kidogo, nikabofya kulia juu ya faili ile, nikachagua kubadilisha jina.

"Hajati, tuiiteje hii, ili siku nyingine isitusumbue?"

Akafikiri. "Iite muhuri uliopinda."

Iko hivyo hadi leo, katikati ya Scan_0516 na Scan_0518.